TOKA GATA HADI BOMBA: NAMNA TARAKILISHI INAVYOVUTA USO LAINI

Hapa kwetu Mutomo mvua si jambo la mzaha. Ile tunayoitegemea hasa ni ya Oktoba hadi Disemba. Ya Machi hadi Mei huja ikipenda, na isipopenda haiji. Kwa hivyo siku inaponyesha, paa la mabati huwa ni shamba la maji. Ebu tupige hesabu kidogo. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita mraba 160. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Ikinyesha milimita 25, paa hilo limepokea lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ya lita 20 (ile ya manjano), na punda mmoja hubeba minne. Yaani safari 50 za punda zimeshuka kutoka mawinguni kabla ya kengele ya chakula kulia!

Sasa fuata maji hayo. Yanateremka kwenye bati, yanaingia katika gata, yanakimbia hadi mwisho wa gata, kisha yanatakiwa kuingia katika bomba liendalo kwenye tangi. Hapo ndipo kisa kinapoanza. Mdomo wa gata ni wa mstatili. Bomba ni duara. Aghalabu mtu hutoboa tundu, akalisukuma bomba kwa nguvu, akapaka lami au saruji kuzunguka, akaenda zake. Majani ya mgunga yakija yanakwama kwenye pembe, maji yanafurika, na ile lami ikipigwa na jua la Februari inapasuka. Tuseme katika kila mitungi kumi mmoja tu unavuja. Basi mitungi 20 imekwenda ardhini, na punda wako anakudai safari tano.

Swali langu ni hili: kati ya mstatili na duara pana umbo gani? Halina jina katika vitabu vya hesabu. Si pia, si mche, si silinda. Hata hivyo mikono ya mafundi inalijua, na tarakilishi inaweza kulichora kwa muda mfupi ukiiongoza vizuri. Kazi hiyo ya kulivuta umbo kutoka mkato mmoja hadi mwingine huitwa lofti, na ndiyo nitakayoieleza.

Lofti ni nini basi? Chukua kiazi kikubwa ukikate vipande kama vya mkate. Kila kipande kina ukingo wake: kimoja kikubwa, kingine kidogo, kingine kimepinda. Kingo hizo ndizo mikato. Sasa tupa kiazi, ubaki na kingo peke yake, kila moja imesimama mahali pake hewani. Iambie tarakilishi: "Vaa hizi ngozi moja." Ikivaa, hiyo ni lofti. Wewe umetoa mikato michache. Yaliyo katikati imeyabuni tarakilishi yenyewe. Na hapa ndipo penye uhondo na hatari, maana inaweza kubuni vizuri na inaweza kubuni upuzi.

Mama zetu wanaijua kazi hii bila umeme. Mtazame mtu anayesuka kiondo, au kyondo kama tusemavyo nyumbani. Anaanza na kitovu chini. Kitako kinapopanuka anaongeza nyuzi mpya za makonge, kidogo kidogo, akizitawanya pande zote. Akiziongeza nyingi kwa pamoja, kitako kinafanya mawimbi kama sketi ya marinda. Akiacha kuongeza, pande zinaanza kusimama. Kila mzunguko wa uzi ni mkato mmoja, na ulaini wa kiondo kizima umo katika namna mzunguko mmoja unavyomkabidhi mwenziwe. Shika neno hilo "kumkabidhi", tutalirudia.

Neno lenyewe lofti lilitoka kwa waunda meli. Katika Kiingereza, loft ni chumba cha darini. Katika viwanda vya meli vya Ulaya palikuwa na sakafu pana sana ghorofani, na huko ndiko mafundi walikochora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu mchoro mdogo ukikuzwa, kosa nalo hukuzwa. Ili kupata mstari laini waliuchukua ufito mwembamba wa mbao, wakaupindisha upite katika alama walizozitia, na wakaukandamiza kwa vizito vya risasi usiponyoke. Ufito huo ndio ulioitwa splaini. Uzuri wake ni kwamba mbao ni mvivu! Haipendi kupinda kuliko inavyolazimika. Ukiibana hapa na pale, yenyewe inatafuta njia yenye mkazo mdogo kuliko zote, na njia hiyo ndiyo macho yetu huiona kuwa laini.

Huku kwetu pwani mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wamekuwa wakiunda majahazi bila ramani ya karatasi. Mkuku hulazwa, nguzo za omo na tezi husimamishwa, kisha mbao na mataruma huwekwa kwa jicho, kipimo cha mkono, na kule kuitazama mbao kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Wao walikuwa na lao la kusema, lakini kwa mtu wa lofti methali hiyo ni maelezo kamili ya ufundi: mkato wa mbele na mkato wa nyuma yote miwili hurejea kwenye tumbo la katikati, na ndilo linaloamua chombo kitakavyokaa majini. Mbao ikipinda ghafla mahali pamoja, hapo ndipo kiungo kitakapofunguka, na hakuna kalafati itakayofaa. Hata Flipflopi, kile chombo cha mita 9 kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini mwaka 2018, kisha kikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kilisimamiwa na fundi wa jadi, Ali Skanda, na umbo lake ni lile lile la vyombo vya mwambao. Kilichobadilika ni mbao tu.

Ufito ukaja kugeuzwa hesabu. Mnamo 1940 kampuni ya North American ya Marekani ilikuwa ikiunda ndege ya kivita P-51 Mustang, na mtaalamu wao Roy Liming akaandika mikunjo ya kiwiliwili chake kwa milinganyo badala ya kutegemea ufito peke yake. Mwaka 1946 mwanahisabati Schoenberg akalichukua jina la splaini akalipa mikunjo ya hesabu. Kisha Ufaransa wakaja watu wawili wa magari: Paul de Casteljau wa Citroën, mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960. Hawa waligundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuuongoza mkunjo kwa nukta chache tu, ambazo ukizisogeza mkunjo unazifuata kama mbuzi anavyofuata kamba. Kampuni ya de Casteljau iliifanya kazi yake siri, basi jina la Bézier ndilo lililoenea. Mimi naona de Casteljau alionewa kidogo, lakini tuendelee.

Haya, tuketi kwenye tarakilishi. Programu nyingi za usanifu zina amri ya lofti. Mimi nitaielezea kwa FreeCAD, kwa kuwa ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye mashine yake bila kuomba ruhusa. Tuseme mdomo wa gata ni mstatili wa milimita 150 kwa 100. Bomba ni lile la inchi 3, yaani kipenyo cha milimita 75. Kutoka juu hadi chini tuna nafasi ya milimita 200. Chora mstatili kwenye ubapa wa kwanza. Fungua ubapa wa pili, milimita 200 kutoka ule wa kwanza, uchore duara, kitovu chake kikiwa mkabala na kitovu cha mstatili. Chagua michoro yote miwili, bonyeza lofti. Umbo linatokea. Umefurahi?

Subiri. Mara nyingi utaona umbo limejisokota kama kamba ya ng'ombe. Kisa ni hiki: mstatili una pande nne na unaanzia kwenye pembe. Duara ni mstari mmoja unaoanzia mahali pake, kwa kawaida upande wa kulia. Mashine inapokabidhi mkato kwa mkato huweza kuuoanisha mwanzo na mwanzo bila kujali kama mianzo hiyo inatazamana. Dawa yake ni rahisi: ligawe duara katika tao nne, na viungo vya tao hizo viwe mkabala wa pembe nne za mstatili. Sasa kila upande una tao lake, kila pembe ina nukta yake, na msokoto unaondoka. Ukinikamata shingoni uniulize sheria ya kwanza ya lofti, nitakwambia hii: mikato yote iwe na idadi sawa ya vipande na ianzie upande mmoja.

Sheria ya pili inawashangaza wengi. Mtu akiona lofti yake haipendezi, hukimbilia kuongeza mikato. Anaweka wa tatu, wa nne, wa saba. Anadhani kila mkato ni mlinzi wa kuchunga umbo. Kumbe kila mkato ni mlevi mwingine anayevuta usukani! Chukua mfano wetu. Tuseme mtu anataka gata ijikaze haraka iwe nyembamba, halafu iteremke wima hadi bombani. Juu kabisa upana ni milimita 150. Milimita 50 kwenda chini anaweka mkato wa upana wa 76. Mwisho, milimita 200 chini, upana ni 75. Inaonekana ni jambo la busara, au sivyo? Sasa upitishe mkunjo laini wa daraja la pili katika nukta hizo tatu, hesabu ya darasani kabisa. Upana u kwenye kina k utakuwa:

u = 150 − 1.8483k + 0.0073667k²

Weka k = 50, utapata 76. Weka k = 200, utapata 75. Vizuri. Lakini weka k = 125. Utapata milimita 34! Koo la gata limebanwa hadi chini ya nusu ya bomba, mahali ambapo hakuna mtu aliyechora chochote. Mkunjo ulitoka juu kwa kasi ya kuteremka, haukuweza kusimama ghafla, ukapita mpaka wake ndipo ukarudi. Ni kama mtoto anayekimbia mteremko wa mwamba: hawezi kusimama pale pale unapomwambia asimame. Programu huficha tabia hii kwa viwango tofauti, lakini karibu zote zinayo. Basi anza na mikato miwili. Ukihitaji wa tatu, uweke pale umbo linapobadilika hasa, na upana wake usitofautiane sana na ule ambao umbo lingeufikia lenyewe. Katika mfano wetu, katikati ya safari, njia iliyonyooka ingetupa 112.5 kwa 87.5. Cheza karibu na hapo.

Nikisema "laini" ninamaanisha nini? Watu husema tu laini, laini, kama mafuta. Wasanifu wana ngazi tatu. Ya kwanza, nyuso mbili zinagusana bila pengo, lakini kiungo kina ukingo unaoweza kukata kidole. Ya pili, zinagusana na zinaelekea upande mmoja, hivi kwamba kidole kinapita bila kukwaruzwa. Ya tatu, mbali na kuelekea upande mmoja, hata kiasi cha kupinda ni kile kile pande zote mbili za kiungo. Ngazi ya pili huidanganya mikono lakini haiyadanganyi macho, na ndiyo maana wenye kuunda magari hung'ang'ania ya tatu.

Kuna njia tamu ya kuzipima. Programu kadhaa zina kipimo cha pundamilia: zinalipaka umbo mistari myeusi na myeupe kama wale majirani zetu wa Tsavo, kana kwamba taa ndefu zinaakisi juu yake. Tazama mistari inapovuka kiungo. Ikikatika na kuhama, uko ngazi ya kwanza. Ikiungana lakini inavunjika kama kiwiko, ngazi ya pili. Ikipita bila kujali kwamba pana kiungo, ngazi ya tatu. Fundi wa Lamu anayefumba jicho moja anatafuta jambo hilo hilo, ila pundamilia wake amo kichwani.

Kama unadhani haya ni ya wenye magari tu, panda matatu kwenye ile barabara ya lami itokayo Kibwezi kupitia Ikutha hadi hapa Mutomo na kuendelea hadi Kitui. Barabara nayo ni lofti ndefu. Penye unyoofu mkato wake umeinuka katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Penye kona kali mkato hulazwa upande mmoja ili gari lisitupwe nje. Kati ya mkato huo na huu mhandisi lazima ageuze lami polepole, mita kwa mita. Akigeuza ghafla, abiria wanaangukiana, na kuku walio juu ya keria wanapiga mayowe.

Turudi kwenye gata yetu, kwa sababu kuna jambo ambalo tarakilishi haitakwambia. Umbo limekaa kwenye kioo, laini, linang'aa, pundamilia wote wametulia. Unalipeleka kwa fundi wa jua kali pale sokoni. Analitazama, anatikisa kichwa. "Hii haikatiki." Je, hajasoma? La hasha! Ana haki, na mwenye kumpa haki ni Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, aliyethibitisha mwaka 1827 kwamba uso uliopinda kwa pande mbili kwa pamoja hauwezi kulazwa ubapa bila kuuvuta au kuukunja. Menya chungwa ujaribu kulilaza ganda lake mezani, litapasuka. Bati ni ubapa. Linakubali kukunjwa upande mmoja, kama karatasi ya kufungia njugu, lakini halikubali kuwa bakuli isipokuwa kwa kulipiga nyundo siku nzima. Lofti laini ya tarakilishi ni nzuri kwa plastiki ya kuyeyushwa, kwa fiberi, kwa saruji na kwa mashine ya kuchapa maumbo. Kwa bati ni ndoto ya mchana.

Fundi ana lofti yake, na ni ya akili sana. Hugawanya umbo katika pembetatu nne bapa na vipande vinne vya pia. Kila upande wa mstatili unakuwa kitako cha pembetatu, na ncha ya pembetatu hiyo inagusa duara. Kila pembe ya mstatili inakuwa kilele cha kipande cha pia kinachofagia robo ya duara. Pembetatu ni bapa, pia inakunjika, basi umbo zima hutoka katika bati moja. Na kiungo cha pembetatu na pia ni cha ngazi ya pili, kidole kinapita. Wanafunzi wa uchoraji wa kiufundi wanalijua jambo hili. Wengine tulijue sasa.

Vipimo vyake ni Pithagora tu, mara mbili. Gawa duara sehemu 12. Kutoka kwenye pembe moja ya mstatili kuna mistari minne iendayo kwenye nukta nne za robo yake. Pembe iko milimita 75 na 50 kutoka kitovu. Nukta ya kwanza ya duara iko 37.5 na 0. Kimo ni 200. Tofauti ni 37.5, 50 na 200. Zipige mraba, jumlisha, tafuta kipeo: 209.5. Ukiendelea hivyo nukta zinazofuata zinakupa 206.8, 208.5 na 214.0. Umbali wa nukta hadi nukta ni 19.4. Kwa bikari na rula, chora kwanza pembetatu yenye kitako 150 na pande mbili za 214. Kwenye ubavu wake ongeza pembetatu tatu nyembamba kwa vipimo hivyo, kisha pembetatu ya kitako 100 yenye pande za 209.5, na endelea kuzunguka hadi urudi ulikoanzia. Ukipenda tarakilishi ikusaidie, usibonyeze lofti mara moja kwa umbo zima. Jenga pembetatu na pia moja moja, kisha uziunganishe.

Chora kwenye kadi kwanza, ukate, ukunje, ubandike kwa gundi. Kadi ikikaa barabara kwenye mdomo wa gata na kwenye bomba, ndipo ulichore kwenye bati, ukiacha milimita 10 za ziada mahali pa kuunganishia. Ule mdomo wa chini uwe mdogo kidogo ili uingie ndani ya bomba, usilivae kwa nje, maana maji hufuata ukuta wa bati na yakikuta mlango wazi hayabishi hodi. Kiungo chenyewe kiwe katikati ya moja ya pembetatu bapa, kisiwe kwenye pia, kwa kuwa lehemu juu ya sehemu bapa hushika na iliyo kwenye kunjo huanza kupasuka mapema. Na kazi hiyo ifanywe Septemba, kabla ya mawingu.